Mkato Ndani ya Jina: Herufi Maalumu katika Saraka za Kompyuta



Naomba nianze na simu zenu. Mtanzania anayetaka kutuma pesa hubonyeza nyota, akafuatisha tarakimu, akarudia nyota, akamalizia na reli. Sijawahi kumwona mtu anayedhani nyota na reli ni sehemu ya namba. Zile ni amri. Nyota ya mwanzo inauambia mtambo kwamba sipigi simu, nataka huduma. Reli inauambia kwamba nimemaliza. Sasa chukulieni kwamba namba ya mtu ingekuwa na reli katikati. Kila anapoitaja, mtambo ungedhani kashamaliza kusema, ungemkatiza, na yeye angeambiwa namba yake ina kasoro.

Bahati nzuri namba za simu hazina reli. Majina ya watu na ya ofisi, hata hivyo, yana mikato, yana mabano, yana ritifaa, yana nafasi, na ndani ya kompyuta alama hizo hizo hutumika kama amri. Nimekuja kuzungumzia pale jina linapogongana na amri, na nani anayeumia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtunza mifumo katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa tukihamisha majina ya wafanyakazi kutoka kwenye faili za utumishi kwenda kwenye saraka mpya, ile inayoulizwa na barua pepe, na milango ya kadi, na mashine za kuchapa: huyu ni nani, na ana ruhusa gani? Jumatatu asubuhi akaja mama mmoja wa uhasibu, mtu mzima, aliyebakiza miaka michache astaafu. Nikamwamkia. Kadi yake ilikuwa haifungui mlango. Jina lake la ukoo lina ng' mara mbili. Nikaliandika kwenye sehemu ya kutafutia, saraka ikajibu kwamba hakuna mtu kama huyo, na huku mimi namwona kwa macho yangu kwenye orodha, mstari wa nne kutoka juu.

Kijana mwenzangu, kwa nia njema kabisa, akashauri tuziondoe zile ritifaa. Tukaziondoa. Mlango ukafunguka. Yule mama akainama kwenye kioo cha kompyuta, akasoma, akanyanyua kichwa. "Mwanangu," akaniambia, "huyo uliyemwandika hapo simjui. Marehemu baba yangu hakuitwa hivyo."

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta tangu hapo, na nililolipata ni hili: jina ni kitu kimoja, na namna ya kuliandika mahali fulani ni kitu kingine. Jina halina ruhusa ya kubadilishwa na fundi. Namna ya kuliandika ndiyo kazi ya fundi, na ina kanuni zake, na kanuni hizo zinafundishika kwa mchana mmoja. Tukivichanganya viwili hivi, anayelipa ni mwenye jina.

Saraka, kwa wale ambao si mafundi, ni daftari la majina lililojengwa kama mti. Mwaka 1988 mashirika mawili ya viwango, CCITT ambayo leo ni ITU, pamoja na ISO, yalitoa kanuni zinazoitwa X.500. Ndoto ilikuwa kubwa: saraka moja ya ulimwengu, ambamo kila nchi ni tanzu, kila taasisi ni tawi, na kila mtu ni jani. Jina linaloitaja njia nzima kutoka jani hadi shina huitwa jina bainifu. Likiandikwa kwa mtindo wa sasa, linakuwa hivi:

cn=Amina Salim,ou=Uhasibu,o=Chuo cha Mfano,c=TZ

Herufi cn ni jina la kawaida, ou ni kitengo, o ni taasisi, c ni nchi. Taasisi nyingi siku hizi huacha nchi na kuweka vipande vya anwani yao ya intaneti, kila kipande kikitanguliwa na dc. Mpangilio wake haumpi tabu mtu wa huku kwetu. Bahasha zetu zinaanza na jina, zikaja S.L.P., ukaja mji, ikaja nchi. Na wazee wa pwani wakimtaja mtu husema Juma bin Hamisi bin Salim, wakianza na mtoto na kupanda hadi babu. Neno bin hapo linafanya kazi ya mkato, na linaifanya vizuri kwa kuwa hatumpi mtoto jina la Bin.

Ndani ya X.500 yenyewe mkato haukuwa na kazi yoyote. Jina lilisafiri likiwa limefungwa katika visanduku, na kila kisanduku kilijitangaza kwanza: mimi ni jina la kawaida, ndani yangu mna baiti 11, hizi hapa. Mpokeaji alihesabu 11, akapata Amina Salim, akaenda kisanduku kinachofuata. Hakutafuta alama ya kumwambia jina limeishia wapi, kwa sababu ameshaambiwa urefu. Ungeweza kutia humo mkato, nukta, reli, chochote, na pasingeharibika kitu. Nataka mlishike hilo, maana kila kanuni nitakayoitaja leo imezaliwa siku visanduku vilipoachwa.

Viliachwa kwa sababu ya uzito. Kuongea na saraka ya X.500 kulihitaji mfumo mzima wa mawasiliano wa OSI, na kompyuta ndogo za mezani za wakati ule hazikuweza kuubeba. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Tim Howes na wenzake wakatengeneza njia nyepesi, LDAP, iliyotangazwa Julai 1993 katika waraka wa RFC 1487. Walipunguza mambo mengi, na mojawapo lilikuwa hili: jina bainifu lisafiri kama mstari wa maandishi ya kawaida. Mwezi huo huo Steve Kille alitoa RFC 1485, unaoeleza mstari huo uandikwe vipi.

Mimi siwalaumu hata kidogo. Uamuzi ule ndio ulioifanya LDAP isambae. Jina likawa kitu unachoweza kukiandika kwenye karatasi, kukituma kwa barua, kumsomea mwenzako kwenye simu. Lakini mstari hauna visanduku. Kwenye mstari unahitaji alama ya kuonyesha kipande kimeishia wapi, wakachagua mkato, na tangu siku hiyo kila jina lenye mkato likawa na kesi ya kujibu.

Tuchukue mfano tunaoujua. Tanzania ina Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Sisemi wao wanatumia saraka ya namna gani. Nachukua jina tu, kwa kuwa ni zuri kwa kazi yetu. Fundi mgeni ataandika:

o=Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,c=TZ

Seva itasoma Wizara ya Elimu, itafika kwenye mkato, itadhani kipande kimekwisha. Itasubiri kipande kipya chenye alama ya sawa ndani yake, itakuta Sayansi na Teknolojia, haioni alama ya sawa, itarudisha jibu namba 34: mwandiko wa jina si sahihi. Fundi aliyechoka saa kumi na moja jioni atauondoa mkato, naye Wizara ataiita Wizara ya Elimu Sayansi na Teknolojia, kama mtu asiyevuta pumzi. Aliyesoma kanuni ataandika:

o=Wizara ya Elimu\, Sayansi na Teknolojia,c=TZ

Itazameni mikato miwili iliyomo. Wa kwanza umekingwa na ule mkwaju wa kinyume uliotangulia: huu ni wa jina, upite. Wa pili haukukingwa: huu ni amri, kata hapa. Mafundi wengi husema "kueskepu". Mimi nitasema kukinga, kwa sababu ndicho kinachofanyika. Unaikinga herufi isichukuliwe kuwa amri.

Mkwaju huo wa kinyume nao una historia. Aliyeuingiza katika ASCII mwaka 1961 ni Bob Bemer, akiwa IBM. Nia yake ilikuwa kwamba mkwaju wa kawaida na wa kinyume ikiwekwa pamoja, ifanye alama mbili za mantiki za lugha ya ALGOL, ile ya "na" na ile ya "au". Bemer huyo huyo ndiye anayesifiwa kwa wazo la kuwa na herufi maalumu ya kutoka katika maana ya kawaida, ile tunayoiona leo kwenye kibodi kama Esc. Mambo yake mawili yalikuja kukutana: mkwaju aliouleta kwa ajili ya mantiki ndio unaofanya kazi ya kukinga duniani kote.

Waraka unaotumika sasa ni RFC 4514 wa Juni 2006. Unataka herufi hizi zikingwe popote zilipo ndani ya thamani: alama za mtajo, alama ya kujumlisha, mkato, nukta mkato, alama ya ndogo kuliko na ya kubwa kuliko, na mkwaju wa kinyume wenyewe. Kujumlisha kumo kwa sababu huunganisha sifa mbili katika kipande kimoja, kwa mfano pale ambapo kitengo kina Juma Ali wawili na mmoja atambuliwe kwa jina pamoja na namba. Nukta mkato na alama za mtajo ni urithi: waraka wa mwaka 1995, RFC 1779, uliruhusu nukta mkato ikae mahali pa mkato, na thamani nzima ifungwe kwa alama za mtajo. Mtindo huo tuliuacha, lakini programu za zamani bado ziko hai, hivyo tunazikinga.

Halafu kuna herufi ambazo hatari yake inategemea mahali zilipokaa, na hapa ndipo mafundi wazoefu nao huteleza. Reli ikiwa mwanzoni mwa thamani ni amri: inasema kinachofuata si maandishi, ni baiti ghafi zilizoandikwa kwa tarakimu za msingi wa 16. Ikiwa katikati, haina neno. Nafasi ikiwa katikati ni nafasi tu. Ikiwa mwanzoni au mwishoni, lazima ikingwe, la sivyo itatupwa.

Nafasi ya mwishoni ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa haionekani. Mtu wa utumishi anaandika Amina Salim kwenye jedwali, kidole kinagusa kitufe cha nafasi, anaendelea. Saraka, kwa kanuni zake za kulinganisha maandishi, hupuuza nafasi za mwanzo na za mwisho na kuzihesabu nafasi mbili za katikati kama moja. Kwake Amina Salim ni yule yule. Lakini programu yako ya kuhamisha majina usiku hulinganisha baiti kwa baiti. Inaona jina jipya, inajaribu kuliandika, seva inajibu 68: tayari yupo. Usiku unaofuata, hivyo hivyo. Nimewahi kufungua kumbukumbu za seva nikakuta jibu hilo la 68 limejirudia kwa miezi, usiku baada ya usiku, kwa mtu yule yule, na hapakuwa na aliyelishughulikia kwa kuwa mlango wake ulikuwa unafunguka.

Kuna njia ya pili ya kukinga: mkwaju wa kinyume ukifuatwa na tarakimu mbili za msingi wa 16. Mkato ni 2C. Kwa hiyo Salim\, Juma na Salim\2C Juma ni jina moja, limeandikwa mara mbili kwa miandiko miwili tofauti, na yote ni halali. Mnaona tulipofika? Ukiyalinganisha majina bainifu kama mistari ya maandishi, utasema hawa ni watu wawili. Lazima uufungue mwandiko, ulitoe jina ndani yake, ndipo ulinganishe jina kwa jina.

Herufi ya mwisho katika orodha ni ile tupu, baiti yenye thamani ya sifuri, inayoandikwa \00. Wanafunzi huniuliza ni nani atakayetia herufi tupu katika jina lake. Jibu lilitolewa mwaka 2009 katika mkutano wa Black Hat, Las Vegas, na watafiti wawili waliokuwa wameligundua jambo lile lile kila mmoja kivyake: Moxie Marlinspike na Dan Kaminsky.

Vyeti vinavyolinda tovuti vinabeba majina ya mtindo huu huu wa X.500. Mwizi anaomba cheti kwa jina linaloanza na anwani ya benki, ikafuata herufi tupu, ikafuata nukta na anwani yake mwenyewe. Mtoa vyeti analisoma kutoka mwishoni, anaona anwani ya mwombaji, anamthibitisha kuwa ndiye mwenye nayo, anampa cheti. Kivinjari kinalisoma kutoka mwanzoni kwa desturi ya lugha ya C, ambayo huhesabu baiti ya sifuri kuwa mwisho wa maandishi. Kinasoma anwani ya benki, kinafika kwenye sifuri, kinasimama, kinamwambia mteja kwamba yuko salama. Wote wawili walikuwa na jina moja mbele yao. Na kisanduku kilikuwa kimeshatangaza urefu wake, kwa usahihi. Kivinjari ndicho hakikuuheshimu urefu ule.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, nikiulizwa ni lipi moja niliache hapa ukumbini, nitaliacha hili. Saraka ina milango miwili, na kila mlango una kanuni zake za kukinga. Mlango wa kwanza ni jina bainifu, unapotaja mahali mtu alipo. Mlango wa pili ni kichujio, unapouliza: nipe wote wenye sifa fulani. Kichujio kina waraka wake, RFC 4515, nacho hakijali mikato kabisa. Kinachojali ni nyota, maana ndani yake nyota ni "chochote kile"; mabano mawili, ya kufungua na ya kufunga; mkwaju wa kinyume; na ile herufi tupu. Kukinga kwake ni kwa tarakimu tu: nyota ni \2a, mabano ni \28 na \29, mkwaju ni \5c. Ukiandika mkwaju na nyota, kama wengi walivyozoea kwingine, umekosea.

Tumchukue mtu aliyeandikwa Salim, Juma (Mdogo). Ofisini kwao kuna Juma Salim wawili, na watu wamekuwa wakiwaita Mkubwa na Mdogo tangu zamani. Jina lake bainifu ni hili:

cn=Salim\, Juma (Mdogo),ou=Uhasibu,o=Chuo cha Mfano,c=TZ

Mkato umekingwa, mabano yameachwa. Ukimtafuta kwa kichujio:

(cn=Salim, Juma \28Mdogo\29)

Mkato umeachwa, mabano yamekingwa. Ni mtu yule yule, jina lile lile, saraka ile ile. Sasa mnataka kujua yumo katika makundi gani. Hapo mnaweka jina bainifu zima ndani ya kichujio, bahasha ndani ya bahasha. Mnalikinga kwanza kwa kanuni za jina bainifu, halafu matokeo yake mnayakinga kwa kanuni za kichujio:

(member=cn=Salim\5c, Juma \28Mdogo\29,ou=Uhasibu,o=Chuo cha Mfano,c=TZ)

Angalieni kilichoupata ule mkwaju wa kinyume. Ulikuja kuukinga mkato, na sasa wenyewe umelazimika kukingwa, umekuwa \5c. Kwenye kufungua tunarudi kinyumenyume: bahasha ya nje kwanza, ya ndani baadaye. Fundi anayelielewa jambo hili hahitaji kukariri orodha yoyote. Ataipata kwenye waraka. Asiyelielewa atajaribu kuongeza mikwaju hadi mambo yakubali, ataondoka, na jina linalofuata litakuja na alama nyingine litamwangusha.

Bahasha zaweza kuwa nyingi zaidi. Waandishi wa programu za Java wa zamani wanajua tabu ya maktaba ya JNDI, ambayo ilikuwa na mwandiko wake wa majina juu ya ule wa LDAP. Mkwaju mmoja wa kinyume ulio sehemu ya jina ulikuwa miwili kwa LDAP, minne kwa JNDI, na minane ndani ya maandishi ya Java. Toleo la 5 la Java lilileta LdapName, inayoshika jina la LDAP peke yake, na bahasha moja ikapungua.

Kichujio kisichokingwa kina hatari kubwa kuliko ya mlango kukataa kufunguka. Tuseme umetengeneza ukurasa ambamo mgeni anaandika jina, na programu yako inalipachika kwenye kichujio kinachoonyesha watu wa mapokezi tu:

(&(cn=JINA)(ou=Mapokezi))

Mgeni anaandika nyota peke yake, anapata watu wote wa mapokezi. Hilo dogo. Mgeni mwenye nia mbaya anaandika nyota, mabano mawili ya kufunga, halafu kipande kingine alichokitunga:

(&(cn=*))(|(cn=*)(ou=Mapokezi))

Kichujio chako kimekatika katikati. Seva na maktaba zilizo makini zitakataa. Nyingine huchukua kipande cha kwanza na kukitupa kilichobaki, na kipande cha kwanza sasa kinasema nipe kila mtu, pasipo sharti la mapokezi. Udhaifu huu una namba katika orodha ya kimataifa ya makosa ya programu, CWE-90. Dawa yake ni kukinga kila kinachotoka nje kabla ya kukipachika. Wengi huchagua dawa nyingine, ya kuzuia alama: ukurasa unasema "jina lisiwe na herufi maalumu." Mimi naipinga dawa hiyo kwa moyo wangu wote. Inamfukuza mwizi pamoja na kila mwenye jina lenye alama, na mwizi ana njia nyingine za kupita, mwenye jina hana jina lingine.

Hapo narudi kwa yule mama na ng' zake mbili. Baada ya haya yote mtashangaa nikiwaambia kwamba ritifaa si herufi maalumu katika LDAP. Si katika jina bainifu, si katika kichujio. Tawi la Ng'ambo linaandikwa ou=Tawi la Ng'ambo, pasipo kinga yoyote. Ritifaa inaogopwa kwa sababu ya hifadhidata za SQL, ambamo ndiyo hufungua na kufunga maandishi, na woga huo mafundi wameubeba hadi mahali usipohusika. Na kwetu ritifaa si pambo. Ng'oa ni kitenzi, unang'oa mti. Ngoa ni wivu na matamanio. Sauti mbili, maneno mawili.

Basi mbona hakupatikana? Ilinichukua siku mbili kuligundua. Faili ya utumishi ilikuwa imeandikwa kwa programu ya kuchapia, na programu hizo zina tabia ya kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni pambo la chapa. Kwa kompyuta ni herufi mbili zisizo na undugu: iliyonyooka ni baiti moja, 27, iliyopinda ni baiti tatu, E2 80 99. Kanuni za saraka za kulinganisha maandishi haziziunganishi. Tuliingiza iliyopinda, mfumo wa kadi ukauliza kwa iliyonyooka, saraka ikasema ukweli: huyo hayupo.

Mfano ulio wazi zaidi ni mwandishi wetu mkubwa, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Alianza kuchapisha kwa jina la James Ngugi, kisha akaliacha na kulirudia jina la kwao. Kwake jina halikuwa jambo dogo. Jina hilo lina ũ, lina ĩ, lina ritifaa. LDAP ya toleo la tatu, ya mwaka 1997, hutumia UTF-8, kwa hiyo linaandikwa jinsi lilivyo. Ukiwa na chombo kinachojua ASCII tu, unalikinga baiti kwa baiti:

cn=Ng\C5\A9g\C4\A9 wa Thiong'o

na jina linalofika ndani ya saraka ni kamili, halikupungua hata nukta. Anayetafuta Ngugi bila alama hatampata, kwa kuwa kanuni za kulinganisha haziondoi alama za juu ya irabu. Kwa hilo kuna njia ya halali ambayo wengi hawaitumii: sifa ya cn inakubali thamani zaidi ya moja. Weka jina kamili, ongeza pembeni yake Ngugi wa Thiongo kwa ajili ya watafutaji, na kwenye kadi na barua chapa lile kamili.

Mengine nitayapitia haraka, maana muda umekwisha. Usihifadhi mwandiko uliokingwa. Hifadhi jina, ukinge pale unapolipeleka mlangoni. Ukiona kwenye kioo cha mtumiaji Salim\, Juma, ujue mtu fulani amehifadhi bahasha badala ya barua. Usitengeneze kazi yako mwenyewe ya kukinga kama maktaba unayotumia inayo. Na ukiweza, usiweke majina ya watu katika jina bainifu kabisa. Weka namba ya mfanyakazi, uid=, na jina liache ndani ya cn. Mtu akiolewa, akibadili dini, akilirudia jina la kwao, unabadilisha sifa moja, na njia ya kumfikia inabaki ile ile.

Hivyo ndivyo tulivyomfanyia yule mama. Tuliisafisha faili nzima, tukazinyoosha ritifaa za kila mtu, tukaweka namba mahali pa majina, tukaongeza kwa kila mwenye ng' mwandiko wa pili wa kutafutia. Kisha nikamwita. Akaja, akavaa miwani, akalisoma jina lake kwenye kioo herufi kwa herufi, akiifuata kwa ncha ya kidole. Akaikuta ritifaa ya kwanza. Akaikuta ya pili. Akachukua kadi yake mezani, akaenda kufungua mlango.